Nani anaandika swali? Historia iliyo nyuma ya takwimu za Endulen

Mama akijifungua katika hospitali ya Endulen, hospitali ya Kanisa Katoliki iliyo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, habari zake huandikwa kwa kalamu kwenye Kitabu cha 12 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za huduma za afya. Wagonjwa wa nje wana Kitabu cha 5, wajawazito wanaohudhuria kliniki wana Kitabu cha 6. Mwezi ukiisha mistari hujumlishwa, na jumla zake huishia kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu wa Wizara ya Afya. Hapo ofisa aliyeko Loliondo, Arusha au Dodoma hubofya jina la kata, huchagua miezi, akaletewa mchoro.

Kati ya kubofya na mchoro kuna swali lililoulizwa kwa hifadhidata, kwa lugha ya SQL. Ofisa hakuliandika. Katika mifumo mingi hata mtengenezaji haliandiki neno kwa neno. Hueleza anachotaka kwa lugha yake ya programu, na programu nyingine hutunga SQL kwa niaba yake. Utaratibu huo umepiganiwa kwa miongo kadhaa, na Afrika Mashariki imo ndani ya habari zake kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipendekeza data zikae kwenye majedwali, na anayezitafuta aseme anataka nini bila kueleza njia ya kuzifikia. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuulizia majedwali hayo, SEQUEL. Baadaye ilifupishwa kuwa SQL kwa sababu kampuni ya Uingereza, Hawker Siddeley, ilikuwa inalimiliki jina hilo. Waliikusudia kwa watu wasio na taaluma ya kompyuta: karani, mhasibu, meneja. Karani hakuja. Walioipokea kwa mikono miwili ni watengenezaji wa programu, nao wakaichomeka katikati ya msimbo wao kama maandishi tu, ndani ya alama za kunukuu.

Tatizo likaanzia kwenye alama hizo. Lugha ya programu kama Java au PHP haijui kilichoandikwa ndani yake. Ukikosea jina la safu, programu itakubali kimya, kisha itaanguka siku ofisa atakapobofya. Tena swali hukamilishwa kwa kuunganishwa na neno aliloandika mtumiaji. Chukua Mang'ola, kata ya Karatu inayosifika kwa vitunguu, bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Msimbo wa kizembe ungetunga swali hili:

SELECT * FROM ripoti WHERE kata = 'Mang'ola'

Hifadhidata ikifika kwenye ritifaa inaamini jina limekwisha: kata inaitwa Mang. Yanayofuata, yaani ola, inayachukua kama sehemu ya amri, haiyaelewi, inagoma. Mfumo uliotungwa na mtu ambaye hajawahi kuandika Mang'ola, Chang'ombe wala Murang'a unaweza kupita majaribio yote kwao na kukwama wiki ya kwanza huku kwetu.

Kugoma ni nafuu. Mwenye nia mbaya akiandika, badala ya jina la kata, ritifaa ikifuatwa na amri halali, hifadhidata itaitii. Desemba 1998 mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Jeff Forristal, aliueleza udhaifu huo hadharani katika jarida la wadukuzi la Phrack, na hadi leo ni miongoni mwa milango inayotumika sana kuibia data.

Dawa ya kwanza ilikuwepo: acha alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha peleka jina kivyake, ili hifadhidata ilione kuwa data na si amri. Inatosha swali likiwa moja lisilobadilika. Lakini ofisa wa takwimu leo anachuja kwa kata, kesho kwa umri na mwezi, keshokutwa kwa aina ya kituo tu. Swali linalobadilika hivyo hushonwa vipande vipande, na anayeshona maandishi kwa mkono husahau mkato au AND moja. Ndipo likaja wazo la kuliacha swali liwe kitu ndani ya msimbo, kwa mfano:

ripoti.chuja(kata, "Mang'ola").chuja(mwezi, 6)

Kila chuja huongeza sharti, na SQL hutungwa mwishoni, ritifaa ikiwa salama upande wa data.

Miaka ya 1990 kampuni ya The Object People ya Ottawa, Kanada, ilikuwa ikiuza TopLink, iliyofanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 2001 Gavin King, Mwaustralia, akaanzisha Hibernate kwa ajili ya Java, na hiyo ilitolewa bure. Wengine walifuata upesi: Ruby on Rails mwaka 2004, Django mwaka 2005, SQLAlchemy mwaka 2006. Mwaka 2007 Microsoft ikatoa LINQ, ambayo swali lake hukaguliwa pamoja na msimbo wote kabla programu haijaanza kazi.

Huku kwetu haja ilitokea zahanati na vituo vya afya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, jirani na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye Microsoft Access, programu ya hifadhidata ya ofisini, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, Access ilielemewa. Madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana walifika Eldoret mwaka 2004, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya Hibernate.

DHIS, mfumo uliozaa DHIS2, ilipita njia hiyohiyo. Ilianzia Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, nayo kwenye Access. Toleo la pili, yaani DHIS2, liliandikwa upya kwa Java, juu ya Hibernate, chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, likaanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilibeba sehemu kubwa ya kazi, ikafuata na kukamilisha mwaka 2013.

Kwa nini Hibernate? Mfumo ulitakiwa ukae kwenye nchi nyingi, na nchi moja ina hifadhidata ya MySQL, nyingine ya PostgreSQL. Kila hifadhidata ina lahaja yake ya SQL. Hibernate inazijua lahaja hizo, kwa hiyo msimbo mmoja unatosha. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu iliyokuwa na uzito kwa Afrika, kuliko hoja za usafi wa msimbo zinazojaa vitabuni: wizara isiyo na fedha za leseni iliweza kuchukua hifadhidata ya bure iliyopo.

Gharama ikaonekana data zilipojaa. Programu inayotunga maswali, isipoelekezwa vizuri, huomba orodha ya vituo vya wilaya, kisha hurudi kuuliza ripoti za kila kituo peke yake, kama mtoto anayetumwa dukani kufuata kiberiti, akirudi anatumwa chumvi. Kwa kuingiza mamilioni ya takwimu, na kwa michoro ya ofisa wetu, watengenezaji wa DHIS2 waliirudia SQL ya mkono. Hivi sasa takwimu hupangwa kwanza kwenye majedwali maalumu ya uchambuzi, kwa kawaida usiku, na maswali ya majedwali hayo hutungwa kwa maandishi. Na siku hizi DHIS2 inataka PostgreSQL tu. Ile sababu ya lahaja imekwisha nguvu.

Mwaka 2021 timu ya DHIS2 ilitangaza matundu ya usalama ya aina ileile aliyoieleza Forristal. Yalikuwa kwenye sehemu ya Tracker, inayofuatilia mtu mmoja mmoja, na aliyeweza kuyatumia ni mtu aliyekwisha kuingia kwa nywila yake. Nchi zikahimizwa kusasisha seva zao.

Msimamizi wa mfumo bado ameachiwa dirisha la kuandika SQL yake mwenyewe, kwa masharti: asome tu bila kubadili, na asiguse majedwali ya siri kama ya watumiaji. Akitaka kuacha nafasi ya neno litakalojazwa baadaye, neno hilo haliruhusiwi kuwa na ritifaa. Mang'ola haipiti hapo. Anayeitafuta atumie utambulisho wa kata hiyo ndani ya mfumo, herufi na tarakimu 11.