Upogo wa Dira

Orodha moja ya istilahi za usafiri wa anga, iliyopitishwa na kamati ambayo sitaitaja, inatutaka tuseme "mwingiliano wa umeme" pale taa au redio ya ndege ndogo inapowashwa na dira ikageuka. Tofauti inayotokea katika usomaji imepewa jina la "hitilafu ya dira". Maneno yote mawili yanapotosha, na anayepotoshwa ni fundi.

Mwingiliano umebeba kiambishi cha kutendana. Wanaopigana hupigana wawili; vinavyoingiliana, kila kimoja kimeingia kwa mwenzake. Tangu mwaka 1820, Hans Christian Ørsted alipoonyesha kwamba mkondo wa umeme huigeuza sindano ya sumaku iliyo karibu nao, tunajua nani anamvuta nani ndani ya chumba cha rubani. Mwanafizikia atanijibu kwamba sumaku nayo huusukuma waya. Ni kweli, lakini waya umefungwa imara, na hakuna rubani anayeongoza ndege kwa kuutazama.

Hitilafu ni mbaya zaidi. Ni neno la Kiarabu, ndugu wa hilafu, halafu na mhalifu, na huko lilikotoka ni kutofautiana tu. Najua mtunga orodha atajitetea kwa asili hiyo. Lakini msomaji wa Kiswahili wa leo akisikia hitilafu husikia ubovu: hitilafu ya mtambo, hitilafu ya umeme. Fundi akiandikiwa kwamba dira ina hitilafu ataifungua, ataipeleka kupimwa, itaonekana nzima, ataifunga tena, na ndege itaendelea kupotea kama jana. Dira haikuwa na ubovu wowote. Kilichoivuta ni ndege yenyewe.

Neno ninalolitetea ni upogo. Lipo kwenye kamusi zetu za zamani, halihitaji kuombwa kwa mtu. Kitu kilichoelemea upande mmoja kimekaa pogo. Mwenye makengeza ana upogo. Anayekwenda kwa kupindapinda anakwenda upogoupogo. Hakuna katika maana hizo inayosema kitu kimeharibika. Jicho la upogo linaona, ila limeelekea kando, na hiyo ndiyo hali hasa ya dira iliyovutwa. Na neno lina haki ya kukaa karibu na dira, ambalo ni neno la Kiarabu cha mabaharia, lenye mzizi mmoja na duara, duru na idara. Waliotumia dira pwani yetu waliita kaskazini jaa na kusini suheli, kwa majina ya nyota. Lugha iliyokuwa na msamiati huo haikustahili kuletewa "mwingiliano".

Kwa upogo tunapata familia nzima. Upogo wa chuma ni ule wa kudumu, utokao kwenye mabomba na skrubu za chuma zilizoshika sumaku, wakati mwingine baada ya kuchomelewa au kupigwa radi. Upogo wa umeme huja na swichi na kuondoka nayo. Tofauti ya kaskazini ya dunia na kaskazini ya sumaku tuiachie mchepuko. Hapa Mwanza ni ndogo, haifiki nyuzi 3. Hata miamba yenye chuma ya Geita huipotosha dira ya mpima ardhi, si ya rubani aliye juu angani. Mimi naishi Mabatini, mtaa wenye jina la bati, na yeyote anayetaka kuuona upogo wa chuma aisogeze dira karibu na ukuta wa bati.

Madhara ya upogo yapime hivi: kutoka Mwanza hadi Bukoba ni kama kilomita 175 kwa anga, karibu kaskazini-magharibi kamili. Upogo wa nyuzi 10 usiosahihishwa unamtoa rubani kilomita 30 nje ya njia. Ukimvutia kulia, Bukoba haioni, chini yake ni ziwa tupu.

Kuutafuta upogo wa umeme: injini ikiwa inanguruma, ndege ikiwa mbali na majengo na magari, washa kifaa kimoja kimoja huku ukiitazama dira, kinachoigeuza ndicho chenye kesi, na mara nyingi dawa ni kuusogeza waya mbali na dira au kuusokota pamoja na waya wa kurudia. Simu na vipaza sauti vya masikioni viondolewe kwanza.

Upogo unaobaki baada ya marekebisho huandikwa kwenye kadi iliyo karibu na dira, ikionyesha pia kama redio zilikuwa zimewashwa wakati wa kupima. Nimependekeza iitwe kadi ya upogo. Pendekezo lilirudi na maelezo kwamba neno hilo ni la mtaani na halina hadhi ya kitaalamu. Waliosema hivyo wafungue kamusi kwenye herufi U.