Parse na Mlango wa Kutokea

Huduma ya wingu ya Parse ilipoanzishwa mwaka 2011, Amazon ilikuwa imeshakodisha seva zake kwa miaka mitano, kwa hiyo mwenye wazo la programu ya simu hakulazimika tena kununua mitambo. Kazi, hata hivyo, ilibaki palepale: kuweka hifadhidata, kuandika msimbo wa kusajili watumiaji na kutuma arifa, kisha kuamka usiku seva inapozimika. Parse ilimtua msanidi mzigo huo. Mistari michache ya msimbo ilitosha, data ikahifadhiwa kwao. Facebook ilipoinunua Aprili 2013, ilikuwa rahisi kuamini kwamba huduma yenye tajiri wa namna hiyo haiwezi kufa. Tarehe 28 Januari 2016 ikatangazwa kwamba ingefungwa baada ya mwaka mmoja.

Hoja yangu ni kwamba anayechagua huduma ya wingu hupima kasi ya kuanza, ilhali angepaswa kupima kwanza ugumu wa kutoka. Ukubwa wa mmiliki hauondoi swali hilo. StackMob, mshindani wa Parse, ilinunuliwa na PayPal mwishoni mwa 2013, na 2014 ikafungwa. Firebase, huduma nyingine ya aina hiyo iliyochukuliwa na Google Oktoba 2014, imestawi, ila imestawi kwa kuwa Google inauza huduma za wingu na Firebase inailetea wateja. Biashara ya Facebook ilikuwa matangazo.

Wapo watakaosema Parse iliwatendea watu haki: ilitoa muda wa mwaka, zana ya kuhamishia data kwenye hifadhidata ya MongoDB, hata Parse Server ikaachiwa umma kama programu huria. Ni kweli, nami nauhesabu huo kuwa ushahidi wa upande wangu, maana kilichowaokoa ni mlango uliofunguliwa siku ya mwisho kwa hiari ya mwenye nyumba. Tena haukuwatosha wote. Programu iliyokwisha kupakuliwa ilibeba ndani yake anwani ya seva za Parse, na mwenye simu asiyesasisha aliendelea kupiga hodi pasipo mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la mtaji. Programu nyingi hufa kwa kukosa watumiaji kabla seva yoyote haijafungwa. Ya nini basi kijana asiye na fedha ajihangaishe na kuhama? Ana haki ya kuanza na kilicho rahisi. Lakini maandalizi yenyewe ni nafuu: kutumia jina la kikoa lake mwenyewe pale huduma inaporuhusu, kunakili data mara kwa mara, na kukusanya maombi yote kwa seva katika sehemu moja ya msimbo. Hapo ndipo tofauti ya huduma za leo inapoonekana. Data ya Firestore, hifadhidata ya Firebase, inaweza kutolewa, ila namna programu inavyoiulizia itabidi iandikwe upya. Supabase, huduma ya aina hiyohiyo iliyoanza 2020, imejengwa juu ya hifadhidata huria ya PostgreSQL, na hiyo mtu yeyote anaweza kuiendesha kwenye seva ya kukodi popote.