Unga wa bukari: safari yake mpaka Lubumbashi, na fundisho kwa mwenye kuuza

Hapa Lubumbashi, mutu anaweza kula samaki, nyama ao sombe, lakini kama bukari haikuwa kwenye meza, atasema hajakula. Ndiyo sababu bei ya unga ikipanda, muji wote unaisikia siku ileile. Mama anafika sokoni, meka ya jana imeongezeka bei, na anamukasirikia muuzaji. Muuzaji naye anasema: «Mama, si mimi, ni kule depo.» Na mwenye depo anasema: «Ni Kasumbalesa.»

Wote wanasema kweli. Unga ni kama maji ya mutoni: ukifunga kule juu, wa chini ndiye anakosa. Kwa hiyo ni vizuri kujua unga wetu unapita wapi, na muuzaji mudogo anaweza kufanya nini.

Ilianzia wapi

Muji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uleule reli iliyotoka kusini ilifika hapa. Tangu wakati ule, muji ulizoea kulishwa na upande wa kusini. Kampuni ya Union Minière ilikuwa inawapa wafanyakazi wake posho, na ndani ya posho mulikuwa unga wa mahindi. Mahindi mengi yalitoka Rhodesia, inchi ambayo sehemu yake ya kaskazini leo ni Zambia.

Kisha Gécamines kuchukua nafasi ya Union Minière mwaka 1967, familia nyingi ziliendelea kula unga wa kampuni. Baba alikuwa anachimba shaba, mufuko ulikuwa unafika nyumbani. Lakini kampuni ilianguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa ile mupango tuliyoita «départs volontaires». Posho ikaisha. Kutoka hapo kila nyumba ikajitafutia, na wamama wengi wakaweka meza mbele ya mulango, wakaanza kuuza unga kwa meka. Kazi ambayo zamani kampuni kubwa ilifanya na magodauni yake, leo inafanywa na mama mumoja na mifuko yake kumi.

Njia ni nyembamba

Kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 90. Kwenye barabara ile moja, makamio yanashuka na shaba, mengine yanapanda na unga, mahindi, mafuta, saruji na vitu vya migodi. Mahindi yanapita kwa mikono mingi: mukulima wa Zambia, munuzi wake, mashine ya kusaga, mwenye kamio, duane na kazi zingine za mupaka, depo, muuzaji wa jumla, na mwisho mwenye meka. Kila mukono unaongeza kitu kidogo juu ya bei. Kamio likilala siku kumi kwenye mustari, shofere anakula, mwenye kamio anahesabu, na musomaji ndiye analipa.

Mwaka 2024 ulituonyesha vizuri. Mwezi wa pili, Zambia ilitangaza kwamba ukame ni musiba wa taifa. Hektari karibu milioni moja za mahindi, kwa milioni 2,2 zilizopandwa, ziliharibika. Inchi isiyokuwa na ya kutosha haiwezi kuuzia jirani. Kisha serikali yetu ilikataza kuingiza bia na vinywaji vya sukari kutoka Zambia, watu wa makamio wakaandamana Kasumbalesa, na mwezi wa nane Zambia ikafunga mupaka kwa siku chache, Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Ugomvi ulikuwa wa vinywaji. Lakini barabara ya kinywaji ndiyo barabara ya unga.

Watu wanauliza: kwa nini tusilime sisi wenyewe? Ilijaribiwa. Wakati wa gavana Moïse Katumbi, kampuni za migodi ziliombwa kulima mahindi, hektari 500 kila moja. Leo Service National inaleta mahindi ya Kaniama-Kasese. Lakini Kaniama ni mbali kupita Kasumbalesa mara nyingi, na mbolea ya mukulima wetu wa hapa karibu, mara nyingi nayo inapita kwenye mupaka uleule.

Hesabu ya mama muuzaji

Tuchukue mufano. Mama ananunua mifuko 10 kwa franka 30.000 kila moja. Ni franka 300.000. Anauza kila mufuko 33.000, anapata 330.000. Anafurahi: faida ni 30.000. Anarudi depo, anakuta bei imekuwa 40.000. Kwa feza yake yote, anapata mifuko 8 tu, na 10.000 inabakia mukononi. Daftari linasema alipata faida, lakini biashara yake imepunguka mifuko miwili. Bei ikipanda tena mara mbili hivyo, meza itafungwa, na masomo ya watoto yatafungwa nayo.

Mwingine anaona hivyo, anakimbia kuchukua deni, ananunua mifuko 8 kwa 40.000 na kuificha, akingojea bei ipande tena. Mupaka unafunguliwa, bei inashuka mpaka 32.000. Anapoteza 64.000, na deni linabakia palepale.

Mambo ine ya kushika

Kwanza, usihesabu faida mbele ya kujua bei ya kurudisha mufuko. Uliza depo bei ya leo, ndipo upange bei ya meka yako.

Pili, jua musimu. Mahindi yanavunwa sana mwezi wa ine na wa tano, na unga unakuwa haba kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu. Akiba inawekwa wakati vitu ni vingi, kwa feza yako, si ya deni. Tena mahindi mazima yaliyokauka vizuri yanadumu kupita unga.

Tatu, usisimame kwa muguu mumoja. Kuwa na depo mbili unazojua, na kando ya unga weka kitu kingine: muhogo, maharagwe, chumvi.

Ine, likelemba inaweza kununua pia. Wamama watano wakiunganisha feza, wanachukua mifuko mingi mara moja, wanagawana pesa ya gari, na mwenye depo anawasikiliza vingine.

Hakuna mama wa meka atakayefungua mupaka wala kuleta mvua Zambia. Lakini anaweza kujua kwamba kamio linaweza kuchelewa, na kupanga biashara yake kama mutu anayejua hivyo. Asubuhi ile bei itakapopanda tena, yeye atakuwa angali na mifuko yake kumi.