Mafundi wa Kilwa: Walijenga Kuba kwa Mawe ya Baharini, Majina Yao Hakuna Anayeyajua

Ukitaja misikiti ya kale, wengi watakutajia Córdoba kule Hispania, ulioanza kujengwa mwaka 785, ule wenye nguzo nyingi kama msitu. Ni mkali kweli. Lakini kuanzia Jipe na Same mpaka Dar, wangapi wanaujua wa hapa nyumbani?

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 hadi 12. Karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, akaupanua.

Kazi yenyewe sasa! Mafundi walichonga matumbawe yakiwa mabichi, bado laini, yakikauka yanakuwa magumu. Mengine waliyachoma wakapata chokaa. Kwa kawaida paa za pwani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ni fupi, ndiyo maana vyumba vilikuwa vyembamba. Wale jamaa wakasimamisha nguzo, matao na kuba. Nondo hakuna, saruji hakuna.

Jina la sultani tunalo. Ya mafundi? Hayapo.

Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati. Mvua na bahari bado vipo lakini. Kwa hiyo ukienda kupiga picha, usipande juu ya kuta. Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee waliyoacha.