Datsun 240Z: Namna ya kurejesha rangi halisi ya kiwandani

WAPENZI wa mbio za magari Afrika Mashariki wanaikumbuka Datsun 240Z kwa ushindi wake katika Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishika nafasi ya kwanza wakiwa na gari hilo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaurejesha ushindi huo kwa Datsun 240Z nyingine.

Zaidi ya nusu karne baadaye, magari hayo ya Nissan yanatafutwa na wakusanyaji wa magari ya kale duniani kote. Thamani yake haitegemei injini na bodi peke yake. Mnunuzi makini huuliza pia iwapo rangi iliyopo ndiyo ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuanza kazi kwa msasa. Rangi ya zamani, hata ikiwa imechakaa, ni ushahidi wa jinsi gari lilivyotengenezwa. Ikishakwanguliwa, ushahidi huo haurudi.

Kuitambua rangi ya mwanzo

Nissan ilizitambulisha rangi zake kwa namba. Kwa mfano, 110 ilikuwa nyekundu, 918 rangi ya chungwa, na 920 rangi ya dhahabu yenye chembe za metali, iliyopewa jina la Safari Gold. Namba hiyo humwezesha mchanganyaji wa rangi kutafuta kanuni yake ya asili.

Hata hivyo, namba pekee haitoshi, kwa kuwa magari mengi yamekwisha kubadilishwa rangi zaidi ya mara moja. Ni lazima bodi yenyewe ichunguzwe katika sehemu zisizofikiwa na jua: chini ya zulia, nyuma ya dashibodi, ndani ya milango na chini ya mipira ya kuzuia maji.

Katika 240Z kazi hii ni rahisi kiasi, kwa sababu sakafu ya ndani na chumba cha injini vilipakwa rangi ileile ya bodi. Ikiwa boneti ni nyeupe lakini sakafu chini ya zulia ina rangi ya chungwa, sakafu ndiyo ya kuaminiwa.

Sampuli isichukuliwe kwenye paa wala boneti. Rangi nyekundu na ya chungwa hufifia sana juani, na anayenakili sehemu hizo ananakili kazi ya jua, si ya kiwanda.

Njia nyingine ni kusugua eneo dogo lililofichika kwa msasa laini, hatua kwa hatua. Tabaka za rangi hujitokeza kama duara ndani ya duara, kuanzia rangi ya karibuni hadi praima iliyogusa bati.

Kiwanda kilivyopaka

Bodi iliingia katika chumba cha rangi ikiwa tupu, kabla ya kufungwa vioo, injini na viti. Kwa sababu hiyo rangi iliingia katika pembe ambazo fundi anayeziba vioo kwa karatasi hawezi kuzifikia. Kwa kawaida bawaba na vichwa vya boliti zake navyo vilipata rangi ya bodi. Boliti iliyobanduka rangi kwenye kingo zake ni dalili kwamba sehemu hiyo imewahi kufunguliwa.

Rangi za kawaida zisizo na metali zilikuwa na mng'ao wake zenyewe, bila kufunikwa kwa vanishi angavu. Utaratibu wa siku hizi wa kupaka rangi kisha vanishi hutoa mng'ao mzito kama kioo, ambao haukuwapo wakati huo. Aidha, rangi ya kiwandani ilikuwa na vinundu vidogo mithili ya ganda la chungwa, na ilikuwa nyembamba zaidi katika sehemu zilizofichika. Gari linalong'arishwa kila kona linaweza kupendeza kuliko lilivyokuwa jipya, lakini halitakuwa sahihi.

Sehemu nyingine zilikuwa na rangi zake. Bloku ya injini ilipakwa buluu, wakati kichwa cha silinda, ambacho ni cha aluminiamu, kiliachwa bila rangi.

Boneti nyeusi inahitaji kuelezwa. Magari mekundu ya timu ya Nissan katika Safari Rally yalipakwa boneti nyeusi isiyong'aa ili kupunguza mwanga wa jua unaorudi machoni mwa dereva. Magari ya kawaida hayakuuzwa hivyo. Mmiliki anaweza kuiga mtindo huo, lakini anapouza gari anapaswa kusema wazi kwamba ni wa kuigwa.

Kuhifadhi au kupaka upya

Hati ya Turin, iliyopitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari ya Kale (FIVA) mwaka 2012, inatanguliza uhifadhi mbele ya ukarabati mkubwa na kusisitiza kila kazi iwekewe kumbukumbu. Kama sehemu kubwa ya rangi ya mwanzo bado ipo, kuisafisha na kugusia palipokwaruzika huweza kuwa uamuzi bora.

Kutu ikishakula sakafu au vizingiti vya milango, maradhi yanayojulikana sana kwa 240Z, kupaka upya hakuepukiki. Hapo picha zipigwe kabla ya kazi, na kipande kidogo cha rangi ya asili kiachwe mahali pasipoonekana.

Usalama nao usipuuzwe. Vumbi la rangi za zamani laweza kuwa na madini ya risasi, na rangi nyingi za kisasa zinazochanganywa na kigumisho zina kemikali za isosianeti zinazodhuru mapafu. Kitambaa puani si kinga. Mpulizaji anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje ya chumba cha kupulizia.

Kabla ya kuliacha gari gereji, mmiliki aandikiane na fundi namba ya rangi, aina yake, kiwango cha mng'ao na sehemu zisizoruhusiwa kuguswa.