Hekalu la Shiva, na jiwe lililopotea

Karibu na mji wa Mumbai, katika Uhindi, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Gharapuri. Humo, yapata karne ya 6, watu walichimba mlima wakafanya hekalu la Shiva. Hawakujenga ukuta wala kuezeka: waliondoa mawe, wakaacha nguzo na sanamu zimesimama ndani ya mwamba wenyewe. Sanamu iliyo kubwa yapata metre 6, nayo ina nyuso tatu.

Wazungu wengi walioiona walisema: hao ni Brahma, Vishnu na Shiva. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba ni Shiva peke yake: uso mmoja mkali, mmoja wa upole kama wa mwanamke, na wa katikati umetulia. Basi mseminari naye asikimbilie kusema: «Tazama, Utatu Mtakatifu!» Nyuso tatu si Nafsi tatu.

Mwaka 1534 Bahadur Shah, sultani wa Gujarat, aliwaachia Wareno nchi ya Bassein na visiwa vyake. Waliona pale tembo wa jiwe, wakakiita kisiwa Elephanta. Mwandishi wao Diogo do Couto alisimulia kwamba jiwe moja lenye maandiko liliondolewa hekaluni, likapelekwa kwa mfalme João III. Hakupatikana mtu wa kulisoma, kisha jiwe likapotea. Kwa hiyo hata leo wenye elimu wanabishana ni mfalme gani aliyeamuru kazi ile.

Jambo hili latuhusu sisi wa Masisi na Walikale. Wankambo wetu hawakuchonga miamba. Wanyanga walijengea mizimu vibanda vidogo, navyo huoza upesi kwa mvua. Maandiko yao yalikuwa vinywani mwa wazee. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke alisimulia habari za Mwindo siku 12. Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakaketi, wakasikiliza, wakaandika. Kitabu kikatoka mwaka 1969, kwa kazi yake pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga. Jiwe hilo halikupotea.

Konsili ya Vatikano ya Pili, katika «Nostra Aetate» ya tarehe 28 Oktoba 1965, inataja dini ya Wahindu kwa jina. Inafundisha kwamba Eklezia haikatai lo lote la kweli na takatifu lililomo katika dini hizo. Na papo hapo inatuagiza tumtangaze Kristu pasipo kukoma. Lakini nani atatenga kweli na uongo katika maandiko asiyoyasoma? Ewe katekista, kabla ya kuhukumu desturi ya kijiji, keti na mzee, uliza, andika. Hukumu ije nyuma.