Mwili Uliobeba Maana Mbili

Mkristo wa Mtoni, Temeke, anayesoma Biblia katika tafsiri ya Muungano hukutana na mafundisho mawili yanayoonekana kupingana. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katika Wagalatia, sura ya 5, mwili unashindana na Roho huyohuyo. Inawezekanaje kitu kimoja kiwe hekalu na adui? Mtume Paulo aliandika maneno mawili tofauti ya Kigiriki, sōma katika waraka ule na sarx katika huu, na Kiswahili kikayapokea yote mawili kwa neno moja. Ili tuone jinsi hali hiyo ilivyotokea, inatubidi tuanze karne kadhaa kabla ya Paulo.

Waebrania walikuwa na neno basar. Lilitaja nyama ya kuliwa, lilitaja kiwiliwili cha mtu, lilitaja ndugu wa damu, na lilitaja pia viumbe vyote vyenye uhai. Mtu akiitwa basar, alikumbushwa kwamba yeye ni dhaifu na atakufa. Hakuambiwa kwamba ameumbwa na kitu kiovu. Kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Alexandria, ambao lugha yao ya kila siku ilikuwa Kigiriki, walianza kutafsiri maandiko yao. Mahali pengi walipokuta basar waliandika sarx. Kwa Mgiriki wa kawaida sarx ilikuwa nyama iliyofunika mifupa, lakini kuanzia hapo, kwa wasomaji wa maandiko hayo, ilibeba mzigo wote wa Kiebrania.

Agano Jipya linalitumia neno hilo karibu mara 150, na Paulo ndiye anayelitumia kuliko wote. Mara nyingine analitumia kwa maana ya ukoo tu, kama anaposema katika Warumi 1 kwamba Yesu ni wa uzao wa Daudi. Mara nyingine sarx yake ni nguvu inayompinga Mungu, na maana hii ndiyo iliyozua mabishano ya wataalamu. Wapo waliodhani kwamba aliitoa kwa wanafalsafa wa Kigiriki waliofuata Plato, waliouona mwili kama kifungo cha roho. Wengine wamesema chimbuko lake ni la Kiyahudi, na hoja yao ilipata nguvu baada ya magombo ya Bahari ya Chumvi kuanza kupatikana mwaka 1947, kwa sababu humo wapo Wayahudi waliolihusisha neno basar na dhambi kabla ya Paulo kuandika.

Mimi naona maelezo ya pili yana uzito zaidi, na ushahidi mkubwa uko katika nyaraka zenyewe. Tazama orodha ya matendo ya sarx katika Wagalatia 5. Uasherati na ulevi vimo, lakini vimo pia ibada ya sanamu, wivu, fitina na faraka, mambo ambayo hayatoki katika ngozi wala misuli. Wafilipi 3 inakwenda mbali zaidi. Huko Paulo anaeleza maana ya kuitumainia sarx, na mifano anayoitoa ni tohara yake, kabila lake la Benyamini na bidii yake katika sheria. Hakuna anasa hata moja. Hayo ni mambo ya heshima na ya dini! Basi sarx ya Paulo ni mtu mzima, pamoja na akili yake na hata ibada yake, anapojitegemea mwenyewe badala ya Mungu.

Neno hilo lilifika pwani yetu katika karne ya 19. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Edward Steere alitafsiri akiwa Zanzibar, na Agano lake Jipya likatoka mwaka 1879. Tafsiri ya Muungano, iliyofuata Kiswahili sanifu, ilikamilika mwaka 1952. Watafsiri walikuwa na maneno mawili mkononi, nyama na mwili. Nyama ilifaa mahali pachache: katika Mwanzo 2:23 Adamu anamwita mkewe nyama ya nyama yake, ingawa katika mstari unaofuata tu, neno lilelile la Kiebrania limekuwa mwili. Kwingineko nyama ingempeleka msikilizaji buchani, na hakuna ambaye angethubutu kusema, katika Yohana 1, kwamba Neno alifanyika nyama. Kwa hiyo walichagua mwili, na siwalaumu. Lakini sōma nayo ilikuwa imekwisha kuitwa mwili. Katika Warumi 8:13 maneno yote mawili ya Kigiriki yamo katika mstari mmoja, na msomaji wa Muungano hawezi kuyatenganisha.

Watu wa pwani walikuwa na neno jingine lililokaribia maana ya Paulo, nalo ni nafsi. Waislamu wa mwambao wamefundishana tangu zamani kwamba nafsi humwamrisha mtu maovu na kwamba ni lazima apambane nayo. Ila watafsiri walikuwa wamelipa kazi nyingine: katika Mwanzo 2:7 mtu aliyepuliziwa pumzi na Mungu anakuwa nafsi hai. Nafasi hiyo ilikuwa imejaa.

Biblia Habari Njema, iliyotoka kamili mwaka 1995, ilichukua njia nyingine. Katika Wagalatia 5 inasema juu ya mambo ya kidunia, na katika Yohana 1 Neno anakuwa mwanadamu. Faida yake ni kubwa, maana msomaji hatadhani kwamba Mungu anachukia viungo alivyoviumba. Hasara ipo pia: Yohana alitumia sarx katika sura ya 1 na tena katika sura ya 6, anapozungumzia kuula mwili wa Mwana wa Adamu, na uhusiano huo hauonekani tena.

Kwa hiyo, msomaji, ukikuta mwili katika nyaraka za Paulo, weka Muungano na Habari Njema pamoja, kisha utazame ni mambo gani yanayotajwa karibu nao. Ukiona fitina na majivuno ya kabila, ujue hapo Paulo hazungumzii viungo vyako.